Mabingwa Wawili wa Mwaka Mmoja

Tulianza kubishana Mikumi, mimi na jirani yangu wa basini. Yeye alikaa dirishani, mimi upande wa njia, na miguuni petu palikuwa na ndoo ya plastiki yenye vyombo vya harusi ambayo alikataa katakata isiwekwe kwenye buti. Mtu wa makamo, mstaarabu, aliyekuwa akinigawia karanga zake tangu Chalinze. Ndipo redio ya basi ikaleta mjadala wa mpira, na mtangazaji akawauliza wasikilizaji: ni timu zipi za mikoani zilizowahi kuwa bingwa wa nchi? Tukajibu kwa mpigo mmoja.

"Tukuyu Stars, themanini na sita," nikasema mimi.

"Majimaji ya Songea, themanini na sita," akasema yeye.

Akaufunga mfuko wake wa karanga.

Ruaha Mbuyuni, wenzetu waliposhuka kununua vitunguu, sisi tulibaki vitini tukihesabiana wachezaji kwa vidole. Kwenye mlima Kitonga, ambako kwa kawaida abiria hunyamaza na kumwachia dereva kazi yake, mzee mmoja wa viti vya nyuma alidakia kwamba waliofyeka njia ni Mseto ya Morogoro, mwaka 1975, na sisi wengine wote tulipita palipokwisha kufyekwa. Hilo halikutupatanisha. Hadi Iringa basi lilikuwa limegawanyika, na mama mmoja aliyekuwa akienda Mafinga akauliza kama hao tunaowagombania wanatujua hata majina.

Makambako, njia panda ya Songea, mwenzangu akanyanyua ndoo yake. Kabla hajashuka aliniandikia namba ya simu nyuma ya tiketi. "Mdogo wangu," akasema, "ukipata ushahidi nipigie. Ukiukosa pia nipigie."

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa na miaka arobaini, na kama angenitaka tuwekeane dau la kiwanja changu, ningeliweka.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Kwa asiyepajua, ni makao makuu ya wilaya ya Rungwe, kiasi cha kilomita 70 kutoka Mbeya mjini ukiishika njia ya Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani walipaita Neu Langenburg, jina ambalo sijasikia mtu akililia. Tuna mlima Rungwe, chai, ndizi, maparachichi, maziwa, na mvua. Zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, inayonyesha hata miezi ambayo watu wa Dodoma wamesahau harufu yake. Mji wenyewe unaweza kuumaliza kwa miguu kabla mwavuli haujaanza kuvuja.

Mji wa ukubwa huo ndio uliopandisha timu mwaka 1985 kuingia Ligi Daraja la Kwanza, ambayo siku hizo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa. Mwaka uliofuata, katika msimu wake wa kwanza tu, timu hiyo ikatwaa ubingwa. Mbele ya Simba. Mbele ya Yanga. Tuliwaita Banyambala, wanaume kwa Kinyakyusa, na hata leo ukipaza sauti "Banyambala!" pale stendi watageuka watu ambao hawajawahi kupiga hata chandimu. Hadithi hiyo niliijua kama ninavyoijua sala ya asubuhi, na kama sala ya asubuhi, sikuwahi kusimama nikaisikiliza maneno yake moja moja.

Aliyenisimamisha ni mwamuzi mmoja mstaafu, jirani wa shemeji yangu pale Mbeya. Nilimpelekea kesi ya basi. Hakucheka. Aliagiza soda mbili, akavikusanya vizibo vilivyokuwa vimedondoka chini ya meza na kuvipanga mafungu mawili. Fungu hili Bara, akasema, fungu hili Zanzibar. Kila upande una ligi yake na bingwa wake. Halafu akachukua vizibo vya juu vya kila fungu, akaviweka katikati. Hii hapa ni Ligi ya Muungano. Imeanza 1982. Wakali wa huku na wakali wa huko wanakutana, anapatikana bingwa wa Muungano. Ndiyo maana ukifungua orodha unamkuta KMKM bingwa wa Tanzania mwaka 1984, na Malindi mwaka 1989 na 1992, nao ni watu wa Unguja ambao hawajawahi kucheza ligi ya Bara hata siku moja.

"Sasa themanini na sita?" nikauliza.

Akasogeza kizibo kimoja fungu la Bara. "Hawa wenu." Akasogeza kingine katikati ya meza. "Hawa wa Songea. Na mwaka wa nyuma yake, wao tena."

Nilimpigia yule bwana jioni ile ile. Nilieleza mpaka salio likakaribia kuisha. Kimya kidogo, kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeshinda. "Kwa hiyo kombe la kwenu ni la upande mmoja wa bahari," akasema. "Karibu Songea uone la pande mbili."

Baada ya simu nilikaa nikiwaza jambo moja. Hakuna aliyedanganya. Wazee wa Tukuyu walipokuwa wakitusimulia waliacha neno moja dogo, "wa Bara". Wazee wa Songea nao waliacha "wa Muungano". Miaka thelathini ya kusimulia barazani ikayala maneno hayo, na watoto wa pande zote mbili tukakua na sentensi fupi iliyo tamu zaidi. Nilijiuliza ni maneno mangapi mengine yameliwa.

Mwaka uliofuata nilirudi Tukuyu kukaa na mama, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Nikanunua kaunta buku nene dukani, nikaandika juu yake MPIRA, na kuanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nilianza vibaya. Nilikwenda na maswali ya mwandishi wa habari: mlishindaje, siri ya mafanikio ilikuwa nini, mlijisikiaje. Ukimuuliza mzee wa miaka sabini alijisikiaje mwaka 1986 atakupa hotuba. Nilipewa hotuba nyingi, zote zinafanana, zote zina umoja na mshikamano ndani yake. Halafu siku moja mvua ilitubana kibarazani kwa mzee mmoja aliyekuwa akiwafuata wachezaji kila walikokwenda, maswali yangu yakaisha, nikauliza kwa kukosa la kusema: mkisafiri mlikuwa mnalala wapi? Mzee akaweka kikombe chini. Tulilala kwa watu, akasema. Akaanza kutaja nani alilala kwa nani, nani alikoroma, nani alikuwa hali nyama ya mbuzi, nani aliamka usiku akiota anapiga penalti na kumpiga mwenzake teke la mgongo. Saa mbili. Kuanzia siku hiyo sikuuliza tena jinsi walivyoshinda. Niliuliza walikula nini, walivaa nini chini ya jezi kwenye baridi, njumu zilishonwa na nani zikichanika, nauli alitoa nani. Magoli yalijitokeza yenyewe.

Magoli nayo yana tabia yake. Lipo moja ambalo nimesimuliwa na watu watano, na kila aliyelisimulia lilitoka mbali zaidi. Kwa wa kwanza mpigaji alikuwa ukingoni mwa boksi. Kwa wa tano alikuwa karibu na mstari wa kati, tena anateleza kwenye tope. Mzee mmoja nilimrudia mara tatu katika miezi sita, na goli likawa linarudi nyuma mita kadhaa kila ninapopiga hodi. Mwanzoni nilikereka. Baadaye niliacha kukereka, nikawa naandika pembeni tarehe ya masimulizi na umbali wa goli, kama daktari anavyopima joto la mgonjwa.

Majina ndiyo yalinitesa zaidi. Huku kwetu karibu kila ukoo unaanza na Mwa. Ukisema unamtafuta Mwakanani aliyecheza winga, utaoneshwa fundi cherehani, mwalimu mstaafu, na mtu aliyefariki. Waliokwenda kuvuma Dar es Salaam ni rahisi. Akina Godwin Aswile, Justin Mtekere na Stephen Mussa walisikika Jangwani, kwa Yanga, hata na watu wasioweza kuionesha Rungwe kwenye ramani. Tatizo ni wale waliobaki. Kipa wa akiba. Kijana aliyesajiliwa akacheza mechi mbili akarudi shambani. Hao wanajulikana kwa majina ya utani tu, na jina la utani halina ukoo.

Nilipata picha moja. Wachezaji wamesimama safu ya nyuma, wamechuchumaa safu ya mbele, na nyuma ya karatasi hakuna neno hata moja, ila alama ya mviringo ya kikombe cha chai. Niliipeleka nyumba saba. Kichwa kimoja cha safu ya nyuma kilipewa majina manne. Nyumba ya tatu nilitaka kufuta majina ya nyumba ya kwanza, lakini kwa bahati nilikuwa na kalamu ya wino na si penseli, basi nikaongeza tu chini yake: kwa mujibu wa fulani, huyu ni fulani. Nafurahi sikuwa na penseli. Nyumba ya saba, bibi mmoja aliitazama akasema yule mnayembishania si mchezaji. Ni kinyozi. Siku ya picha alikuwa amewanyoa wote, wakamwambia na wewe simama. Majina yote manne yalikuwa ya watu wa kweli waliocheza kweli, ila hayupo hata mmoja wao kwenye picha ile.

Sasa nieleze langu, maana nisipolieleza nitakuwa nimewacheka wazee wa watu bure.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi. Nyumbani tulikuwa na redio ya betri nne, na betri zilikuwa ngumu kupatikana kama sukari na sabuni. Zikichoka, watu wa mikoa mingine walizianika juani. Tukuyu jua ni la kubahatisha, kwa hiyo sisi tulizipanga pembeni ya mafiga jikoni, na baba alikuwa na utaalamu wa kuzigeuza zisije zikapasuka. Tukimsikiliza mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Sauti ilikuja na kuondoka kwa mawimbi. Mpira unaweza kuwa kwa beki wa kulia, ukasikia shhhh, na sauti ikirudi watu wanashangilia na hujui nani amefunga. Baba alikuwa anajaza mwenyewe pale palipokatika. Kaka yangu alikuwa anabisha. Televisheni Bara haikuwapo mpaka 1994, kwa hiyo tulichokiita kuangalia mpira kilikuwa ni kutazama uso wa baba.

Hayo ni ya hakika. Lakini kumbukumbu niliyoipenda kuliko zote ni nyingine: siku niliyopandishwa kwenye lori na mjomba, tukaenda Mbeya, Uwanja wa Sokoine, nikakaa mabegani kwake. Nilikumbuka turubai linavyopigapiga, mahindi ya kuchoma pale Uyole, jezi zilivyoganda miilini kwa mvua, na mtu mmoja aliyekuwa analia bila kujificha. Watoto wangu nimewasimulia mara mia. Nimewasimulia mpaka wenzangu kazini. Ndiyo iliyonipa kiburi cha kubisha kwenye basi.

Basi, jioni moja nilikuwa namsomea mama kaunta buku langu, jikoni, naye anamenya ndizi. Nilikuwa nimeandika na langu, ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamaliza ndizi aliyoishika.

"Aliyekwenda ni kaka yako," akasema.

"Mama, mimi ndiye niliyekaa mabegani kwa mjomba."

"Wewe ulikuwa na surua. Ulilala kitanda kile pale siku kumi. Kaka yako aliporudi alikaa pembeni yako akakusimulia mpaka ukalala. Kesho yake ukamwambia akusimulie tena."

Kaka alifariki mwaka 2003, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza. Nilijaribu kubisha kidogo, nikitaja mahindi ya Uyole, naye akasema mahindi alikuletea, gunzi moja, ukakataa kulitupa. Gunzi hilo nalikumbuka. Nalikumbuka kweli kweli, lilivyokuwa chini ya mto. Nilichukua kalamu nikaandika chini ya ukurasa wangu mzuri: kwa mujibu wa mama, huyu hakuwapo.

Sikulala vizuri. Si kwamba niliaibika, ingawa niliaibika. Nilisikia kama nimemnyang'anya kaka kitu chake na kukitembeza mjini miaka yote hiyo. Upande mwingine, na sijui kama najitetea, nilielewa kwa nini goli la mzee wangu linazidi kurudi nyuma. Naye huenda kuna kitanda alichokuwa amelala.

Mama aliniokoa kwa namna nyingine. Baada ya kunivunja alifuta mikono, akasema kama unataka mambo ya timu kwa nini unawauliza wanaume tu? Wao walikuwa wanatazama. Sisi ndio tulikuwa tunapika. Akaniambia niandike. Mikungu ya ndizi iliyotolewa nyumba kwa nyumba timu ikiwa kambini. Nani alitoa maharage, nani alitoa maziwa, nani aliahidi kuku na kuku hajafika mpaka leo. Maji ya kufua jezi kubebwa kutoka mtoni, na jezi kukaushwa juu ya moto wa jikoni kwa sababu ile ile ya betri: jua halipo. Ndiyo maana, akasema, timu yetu ilikuwa inanuka moshi. Wachezaji wa timu za mjini walikuwa wanawacheka. Katika hotuba zote za umoja na mshikamano sikuwa nimeambiwa kwamba mabingwa wa Bara walinuka moshi, na mpaka leo hilo ndilo nalipenda kuliko yote kwenye kaunta buku.

Watu huniuliza kwa nini haikudumu. Mwaka 1987 ubingwa ulirudi Jangwani, 1988 ukaenda Tanga kwa Coastal Union, na Banyambala baada ya muda wakateremka kwenye madaraja ya chini ambako magazeti hayafiki. Jibu la kijiweni ni uchawi, wivu, au Simba na Yanga kutunyang'anya wachezaji. La tatu lina ukweli, lakini halitoshi. Kijana wa miaka ishirini na mbili akiitwa Dar es Salaam ataacha kwenda kwa ajili ya nini?

Angalia timu za mikoani zilizoweza kusimama miaka ile. Pamba ya Mwanza ilikuwa na pamba nyuma yake. Reli ya Morogoro ilikuwa na reli. Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera, yaani ya kampuni ya biashara ya mkoa: soma tu majina. Mchezaji alikuwa mwajiriwa wa shirika, mshahara unatoka huko, basi linatoka huko, na mpira ni zamu yake ya jioni. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya tisini, nyingi katika timu hizo zilikwenda nayo. Zilizobaki imara zilikuwa za majeshi na magereza, au za kiwanda kilichoendelea kusaga, kama Mtibwa Sugar ya Turiani, waliochukua ubingwa mfululizo 1999 na 2000. Tangu hapo kombe la ligi halijalala nje ya Dar es Salaam: ni Simba, ni Yanga, na mara moja Azam, msimu wa 2013/14. Sisi Tukuyu tulikuwa na ndizi na mapenzi. Mapenzi yanatosha msimu mmoja, labda miwili. Msimu wa tatu dereva anataka mafuta.

Msimu huo wa 2013/14 ndio Mbeya City walipopanda na kumaliza wa tatu, juu ya Simba. Nilisimuliwa kwamba wazee wetu walikusanyika kwenye redio kama zamani, wakifurahi, lakini mmoja wao alikuwa anasema kila wiki, "Ngojeni wa pili. Ngojeni msimu wa pili." Wakamwona mchawi. Mimi namwona mhasibu. Na tulioko mkoa wa Mbeya tumejifunza jambo jingine ambalo wazee wetu hawakuliwaza, kwamba timu inaweza kuondoka bila kushuka daraja: Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Mtoto wa Ubaruku aliyekuwa anaipigia makofi sijui sasa anampigia nani.

Kuhusu hesabu, nina haki ndogo ya kusema. Mwaka 2009, nikiwa Mbagala, nilichaguliwa mweka hazina wa timu yetu ya mtaa, timu ya ndondo, kombe la mbuzi, hayo hayo. Kila mtu shilingi 1,000 kwa wiki. Daftari sikuwa nalo. Fedha zilikaa mfukoni na hesabu zilikaa kichwani, nami nikajiona mwaminifu kwa sababu nilikuwa mwaminifu. Mwanangu akaugua usiku. Nilichukua 60,000 za timu nikijua mshahara unatoka Ijumaa, na Ijumaa ulitoka kweli, na nilizirudisha zote. Lakini mechi ilikuwa Alhamisi, Kigamboni. Vijana walisimama barabarani na mabegi yao hakuna nauli. Wenzetu wakapewa ushindi wa mezani. Hakuna aliyenipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Wiki iliyofuata walikuja kumi, iliyofuata saba, na ndani ya miezi miwili uwanja wetu ulikuwa gulio la mitumba.

Nilimsimulia yule mwamuzi mstaafu. Alisikiliza akizungusha kizibo mezani. "Mwanangu," akasema, "umenisimulia nusu ya timu nilizochezesha." Akaniuliza kama kwenye utafiti wangu nimepata daftari la fedha la timu yoyote ya wakati ule. Nikamwambia nimepata karatasi moja tu, orodha ya waliochanga, kwa mama mmoja muuza maandazi. Nyingine za aina hiyo zilikuwa zimeshafungia maandazi na kwenda na wateja. Hiyo moja ilinusurika kwa kuwa ilikuwa na doa la mafuta ya taa.

Karatasi hiyo nimeibandika ukurasa wa kwanza. Majina kumi na tisa, kiasi mbele ya kila jina, na sehemu mbili pameandikwa "atatoa". Nimewatafuta warithi wa hao wawili. Mmoja amecheka. Mwingine alitoa elfu tano pale pale, akaniomba nimkate baba yake kwenye deni, na nikalazimika kumweleza kwa dakika kumi kwamba mimi si timu. Bado alisisitiza. Nimeandika: "imelipwa 2019, na mtoto."

Kaunta buku sasa limefika karibu na jalada la nyuma. Mama bado ananisahihisha, ingawa anazidi kusahau, na yapo mambo aliyoniambia mwaka 2017 ambayo leo anayakataa. Hayo nayaandika yote mawili. Mwezi uliopita alitaka nimsomee majina ya waliokuwa wakipikiwa kambini, nami nikasoma, na baada ya la mwisho akabaki ananitazama. "Na dereva?" akasema. Alikuwapo dereva wa lori, kijana wa Kyela, ambaye alikuwa anakula sahani mbili na hakuna aliyemnung'unikia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikesha. Jina lake alilitaja lote, na la baba yake. Hakuna nyumba nyingine iliyowahi kulitaja.

Nilipiga picha ukurasa ule, ule wa vyakula, nikamtumia rafiki yangu wa Songea. Tumekuwa tukitumiana hivi kwa miaka sasa. Naye alinunua daftari lake muda mfupi baada ya ule ugomvi, ingawa anakanusha kwamba aliniiga. Nilimwandikia: sisi tulikula ndizi na maharage, na maziwa siku za mechi. Nyie?

Alikaa siku mbili. Akajibu kwamba amewauliza akina mama watatu wa mitaa tofauti, na wote wamesema ugali.

"Sasa unajua," akaongeza, "kwa nini la Muungano lilikuja huku."